Kupanda mlima wa baridi na kushuka salama, ukianzia Kisumu, Nakuru ama Kitale

Kabla ununue hata soksi fanya hii hesabu. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama digrii 6 na nusu hivi. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari, na Point Lenana kule Mlima Kenya iko mita 4,985, hiyo tofauti inapita mita 3,800, kwa hivyo toa kama digrii 25 kwa hewa uliyozoea. Usiku ule umelala na shiti moja tu Kisumu kwa sababu ni digrii 18, kule juu ni digrii 7 chini ya sufuri, na bado hatujaweka upepo. Mtu wa Nakuru akitoka kwa usiku wa digrii 10 anaenda kukutana na 10 chini ya sufuri. Sisi hapa ikweta hatuna winta ya miezi mitatu kama Uskoti, winta yetu inaingia saa moja jioni na inatoka saa mbili asubuhi, kila siku ya mwaka, Januari ama Agosti haijalishi.

Nasema hivi juu kila likizo naona vijana wanajipanga kwa WhatsApp jumatano, wanachanga, na jumamosi wako njiani kuelekea Mlima Kenya na jinzi na raba za kukimbilia. Mimi naamini kabisa kwamba kwa milima yetu kinachoangusha watu wengi si genge la mawe wala barafu, ni kulowa, haraka, na kukataa kugeuka. Hivyo vitu vitatu vinafundishika, na karibu vyote unaweza kujifunza huku kwetu kabla hujalipa geti yoyote kubwa.

HATUA YA 1: miguu kwanza, na vilima vya karibu

Ukiwa Nakuru una Menengai hapo nyuma ya mji, mahali pa kutazamia pako karibu mita 2,278, kwa hivyo ukitoka town kwa miguu mpaka juu umepanda kama mita 400. Hiyo ni trening ya wiki, unaenda na kurudi. Wikendi ukipata nauli nenda Longonot, mita 2,776, upande mpaka kwa ukingo halafu uzunguke ukingo wote, ile zunguka ndiyo itakuonyesha magoti yako yakoje juu inapanda na kushuka bila kukuuliza. Ukiwa Kisumu panda Riat, ama nenda upande wa Nandi uchukue ule ukuta wa mlima unaoinuka kutoka tambarare. Wa Kitale, Kapenguria na Marakwet nyinyi mmebarikiwa, Cherangani iko hapo, vilele kama Kalelaigelat vinapita mita 3,300 na huko juu asubuhi utakuta nyasi imegandiwa na barafu nyembamba.

Bebeni mzigo. Kutembea bila mzigo hakukufundishi mlima. Weka kilo 5 mwanzoni, uongeze polepole mpaka 10 au 12, maji kwa chupa ni mzigo mzuri kwa sababu ukichoka sana unamwaga na unashuka na magoti mazima. Na ufanye mazoezi ya kushuka, si kupanda tu. Watu wengi huanguka wakishuka, mapaja yamechoka, akili imeshafika nyumbani.

Kama kwa hizi safari za siku moja bado unamalizwa na pumzi na wenzako wanakungoja kila kona, ongeza mwezi mwingine. Mlima hauendi popote.

HATUA YA 2: lala kwa baridi ukiwa karibu na nyumba ya mtu

Hii ndiyo hatua watu wanaruka na ndiyo mimi naipenda kuliko zote. Mwezi wa 7 tafuta shamba la ndugu ama rafiki Molo, Timboroa ama Mau Narok, omba ruhusa mpige hema kwa boma, mlale nje. Timboroa iko juu ya mita 2,700, na July kule baridi si ya kuambiwa. Faida ni kwamba ikikataa unagonga mlango wa shosho unaingia ndani unapewa chai.

Usiku huo fanyeni kazi, msilale tu. Pigeni hema gizani bila tochi kubwa, mkiwa na glavu. Washa stovu na vidole baridi. Fungua zipu, funga kamba za viatu, badilisha soksi ndani ya hema bila kulowesha slipingi bagi. Toka saa tisa usiku, vaa kila kitu, tembea saa moja na tochi ya kichwa, rudi. Utagundua haraka ni glavu gani haifungi kamba, tochi ya nani inakufa, na nani slipingi bagi yake ni ya kulalia sebuleni. Angalia pia unalalia nini, kwa sababu ardhi inanyonya joto kuliko hata hewa ya juu, kwa hivyo godoro jembamba la sponji chini ya mwili linafaa kuliko blanketi ya tatu juu.

Na tafadhali sana, jiko la makaa lisiingie ndani ya hema. Hata likionekana limezima. Hata mlango ukiwa umefunguliwa kidogo. Ile hewa yake haina harufu na inaua watu wamelala, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia zilizolala na jiko ndani ya nyumba na hawakuamka. Hema ni ndogo kuliko nyumba. Stovu ya gesi pia, pika nje ama kwa mlango wazi kabisa. Halafu jua kwamba gesi ya butani tupu karibu na digrii sufuri inakataa kutoka, tafuta mitungi midogo ya kupigia kambi iliyochanganywa na propani, na asubuhi uipashe kwa mwili ndani ya jaketi kabla kuwasha.

HATUA YA 3: nguo, na hapa mitumba ni rafiki

Huhitaji kuingia duka la bei ya watalii. Nenda Kibuye pale Kisumu, ama soko za mitumba za Nakuru na Kitale, amka mapema siku wanafungua bale ya majaketi, na ufanye kitu kimoja: soma lebo. Kama imeandikwa pamba, rudisha. Pamba ikilowa inakaa na maji, inakunyonya joto mpaka ukauke nayo, na mlimani hukauki. Unataka sufu ama polista. Jinzi ni pamba, fulana nyingi ni pamba, zile hudi nzito za kupendeza nyingi ni pamba. Ziache nyumbani.

Vaa kwa tabaka. Ya ndani ni nyepesi ya kubana, kazi yake kutoa jasho kwa ngozi. Ya katikati ni sweta la flisi ama la sufu. Ya nje ni jaketi na suruali ya kuzuia mvua na upepo, na hii usiibane bei sana, ijaribu nyumbani, vaa uingie chini ya shawa dakika 10, ikipenya kwa mabega tafuta ingine. Juu ya hizo uwe na jaketi zito lililojazwa, la kuvaa ukisimama tu, si ukitembea. Sheria ni kwamba unaanza kutembea ukisikia baridi kidogo, ukianza na joto dakika 15 umeloa jasho, na jasho ni maji kama mvua tu.

Kichwa marvin, shingo skafu ama ile ya mviringo ya kuvalia kichwani (buff), mkononi glavu mbili, nyembamba ndani na nzito nje, na jozi ya akiba kavu. Soksi za sufu jozi tatu, moja haiguswi, ni ya kulala peke yake. Viatu vya kufunika kifundo, vizoee mwezi mzima kabla, na ukivaa na soksi nzito vidole vicheze, juu kiatu cha kubana kinakata damu na vidole visivyo na damu ndivyo vinaganda. Gambuti ni nzuri kwa matope lakini kwa mawe na baridi kali usizitegemee.

Miwani ya jua na mafuta ya kuzuia jua pia, na hapa sisi weusi tunajidanganya. Ile miale mikali ya jua inaongezeka kama asilimia 10 kila mita 1,000, theluji inairudisha usoni, midomo inapasuka, na macho yanaweza kuungua mpaka usione siku nzima. Vitu vyote vya ndani ya begi vifungwe ndani ya mfuko mzito usiopitisha maji, na chupa ya maji iwe ya kudumu, KWS, wale wa wanyamapori wanaosimamia mbuga, walipiga marufuku plastiki za kutumia mara moja kwa mbuga zao tangu Juni 2020 na watakukagua getini.

HATUA YA 4: hewa nyembamba, soma hii mara mbili

Kwa mita 5,000 presha ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani, kwa hivyo kila pumzi inakuja na oksijeni karibu nusu. Mwili unaweza kuzoea lakini unataka siku, na haujali wewe ni nani. Kukimbia marathoni hakukukingi. Kukaa Iten mita 2,400 kunasaidia kidogo lakini mkimbiaji wa Iten akipanda haraka anaugua vilevile, na pengine anaugua zaidi juu miguu yake inamruhusu kufika juu kabla mwili haujajua.

Kanuni inayotumika ni hii, ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu ama nne uongeze usiku wa kupumzika palepale. Mchana unaweza kwenda juu zaidi, ni vizuri hata, ila urudi kulala chini. Sasa angalia njia ya Sirimon ya Mlima Kenya, geti iko mita 2,650, kambi ya Old Moses 3,300, halafu kambi inayofuata ya Shipton iko 4,200. Hiyo ruka ya mita 900 imevunja kanuni tayari, na ratiba za bei rahisi zinakupeleka hivyo siku ya pili na usiku wa tatu uko unapanda Lenana. Mtu ametoka Kisumu ijumaa.

Mimi napanga hivi: siku ya 1 geti mpaka Old Moses. Siku ya 2 tembea juu masaa matatu hivi, kula lunchi huko, rudi ulale Old Moses tena. Siku ya 3 Shipton. Siku ya 4 panda juu ya kambi taratibu, rudi, kula, lala mapema. Siku ya 5 usiku ndio Lenana. Itagharimu siku mbili zaidi za kulipia mbuga na chakula na wapagazi, najua inauma, lakini kama pesa haitoshi siku 5 ngoja mpaka itoshe.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu, usingizi kukatika. Ukipata kichwa kwa mwinuko chukulia ni huo ugonjwa mpaka ithibitike vingine. Hapo unasimama. Hupandi. Ukipata nafuu kesho unaendelea, usipopata unashuka.

Halafu kuna zile mbili ambazo hazingoji asubuhi. Ya kwanza ni maji kwa mapafu: mtu anahema akiwa amekaa tu, anakohoa, kifua kinakoroma, pengine anatema mate ya povu la pinki, midomo imebadilika rangi. Ya pili ni ubongo kuvimba: anaongea vitu havieleweki, anakuwa mkali ama kimya kabisa, na anayumba. Kipimo chake ni rahisi, chora mstari chini, mwambie atembee kisigino kugusa kidole kama polisi wanavyopima mlevi. Akishindwa anashuka sasa hivi, usiku, mvua, haijalishi, na asishuke peke yake. Hata kushusha mita 500 mpaka 1,000 kunaweza kumrudisha.

Usimuulize mwenzako "uko sawa?" juu Mkenya atakwambia "niko fiti" akiwa anaanguka. Muulize mambo ya kujibu: "Dada, umekula nini tangu asubuhi? Umeenda haja ndogo saa ngapi? Hesabu kutoka 100 ukitoa saba saba." Majibu yatakwambia.

Kuna dawa ya acetazolamide watu wanaita Diamox, ile ya kuzuia kawaida ni miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini ongea na daktari kwanza, hasa kama una aleji ya dawa za salfa ama una mimba. Inasaidia mwili kuzoea, haikupi ruhusa ya kuruka siku. Pombe na dawa za usingizi weka kando kabisa.

HATUA YA 5: Elgon iwe mlima wako wa kwanza mkubwa

Sisi wa huku magharibi tuna mlima mzuri na watu wanaupita wakienda Nanyuki. Unafika Kitale, unachukua gari ya Endebess, geti ya Chorlim iko mbele. Koitoboss kwa upande wetu inapita mita 4,100, Wagagai kule Uganda ndiyo ndefu kuliko zote, mita 4,321. Njia ya upande wetu si kali, hakuna kamba wala ngazi, ila baridi ni ya kweli, ukungu ni wa kweli na mvua ya mawe ni ya kweli. Kuna nyati na ndovu, kwa hivyo omba askari wa KWS awasindikize, usijaribu kupita msitu peke yako.

Msimu wake si sawa na wa Mlima Kenya. Elgon nenda Desemba mpaka Februari, mwezi wa 3 mapema bado sawa, juu kuanzia Aprili mvua inaendelea karibu mpaka Oktoba. Mlima Kenya una vipindi viwili vya kukauka, Januari na Februari, halafu Julai mpaka Septemba. Hata kwa kiangazi mawingu yanapanda kuanzia saa nne saa tano asubuhi, kwa hivyo tembea asubuhi, alasiri uwe ndani ya kambi.

Na radi. Watu wa Kisii na Kakamega hamhitaji kuelezwa, na Kericho na Nandi Hills mnajua mvua ya mawe inavyovunja majani chai. Mlimani ni ileile ila sasa wewe ndiwe mti mrefu. Ukiona mwanga hesabu mpaka usikie ngurumo, chini ya sekunde 30 radi iko ndani ya kilomita 10 na inakufikia. Shuka kutoka kwa ukingo na kilele, toka kwa mti wa peke yake na mdomo wa pango la kina kifupi, tawanyikeni msikae kikundi kimoja, chuchumaa juu ya begi miguu pamoja. Fimbo za chuma ziwekwe mbali.

HATUA YA 6: usiku wa Lenana

Kutoka Nakuru unapitia Nyahururu mpaka Nanyuki, geti ya Sirimon iko mbele kidogo ukielekea Meru. Chukua mwongozaji na wapagazi wenye vitambulisho vya KWS, lipa kwa eCitizen, andikisha majina getini ukiingia. Mpagazi akiwa amevaa shati na sandali tu mwambie mwenye kampuni hamuondoki mpaka avae. Yule pia ana vidole.

Mnaondoka Shipton kama saa tisa usiku. Kabla ya kulala panga kila kitu, vaa nusu ya nguo tayari, chupa ya maji iingie ndani ya slipingi bagi ama ipinduliwe mdomo chini, kwa sababu barafu inaanza kushika juu na mdomo ukiwa chini haufungiki. Simu, betri na pawabanki zilale na wewe, baridi inazimaliza. Kunywa lita 3 mpaka 4 kwa siku, mkojo uwe mweupe.

Chakula fupi tu: maji kwa mita 4,200 yanachemka kama digrii 86, maharagwe na githeri mbichi hayataiva hata ukikesha. Chemsha nyumbani, ama beba mchele, tambi, uji, chapati, njugu, chai yenye sukari nyingi.

Mteremko wa mwisho una mawe yaliyoganda na karibu na kilele kuna ngazi ya chuma na nyaya. Chuma kwa baridi hiyo usikishike na mkono mtupu. Weka mguu, ujaribu, ndio uuwekee uzito, mwache wa mbele amalize ngazi ndio uanze.

Saa ya kugeuka inakubaliwa jioni, mkiwa na akili zote, na inaandikwa. Kwa mfano saa mbili asubuhi popote tulipo tunageuka. Si "tukiona iko karibu". Mtu aliyepanda masaa matano na amelipa elfu kadhaa hawezi kuamua vizuri akiwa mita 100 chini ya kilele, ndio maana uamuzi unafanywa mapema na mtu mmoja anapewa kazi ya kuusema. Nimeshageuka na watu wakilia, na sijawahi kukutana na aliyejuta akiwa amefika chini.

HATUA YA 7: barafu yenyewe, shoka na kramponi

Huku juu ya Lenana kwa njia ya kawaida mara nyingi huhitaji shoka la barafu. Glesia ya Lewis, ile barafu ya kudumu ya Mlima Kenya, imeisha karibu yote, kutoka 1934 mpaka 2010 ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake. Barafu ya kazi iliyobaki iko kwa kuta za kusini za Batian, kilele kirefu kuliko vyote Mlima Kenya, kama ule mfereji wa barafu wa Diamond Couloir ambao Phil Snyder na Thumbi Mathenge waliupanda wa kwanza mwaka 1973, na hiyo ni ya wataalamu, inashika zaidi Julai mpaka Septemba jua likiwa kaskazini. Anayetaka glesia ya kujifunzia na kutembelea na kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya kiatu), karibu na sisi ni Rwenzori, kilele cha Margherita mita 5,109, unavuka Busia ama Malaba mpaka Kasese, unaenda na waongozaji wa huko. Wengine wanahifadhi pesa wanaenda kozi ya winta Uskoti, siku tano za kufundishwa tu, na hiyo pesa haipotei.

Klabu ya Mountain Club of Kenya iko tangu 1949 na ni mahali pazuri pa kupata watu wanaojua kamba. James Kagambi, Mkenya aliyefika kilele cha Everest Mei 2022 akiwa na miaka 62 alikuwa amefundisha watu theluji na baridi kwa miongo mingi kabla ya hapo.

Shoka huwezi kulijifunza kwa maandishi, lakini ukijua mpangilio mapema mwalimu atakufikisha mbali. Ukitembea kuvuka mteremko shoka linakuwa mkono wa juu ya mlima, ukigeuka kona linabadilisha mkono. Na kramponi unakanyaga na meno yote, wayo bapa, miguu imepanuka kidogo ndio meno yasishike suruali ya mguu mwingine, hapo ndipo wengi huanguka. Ukiteleza unajigeuza tumbo chini, mkono mmoja umeshika kichwa cha shoka karibu na bega, mwingine umefunika ncha ya chini karibu na nyonga, shoka limelala kifuani, unalikandamiza na uzito wa kifua lile jino liingie kwa theluji, uso umegeuka pembeni, magoti yamekunjwa. Ukiwa umevaa kramponi miguu inainuliwa juu, meno yakishika ghafla yatavunja kifundo na kukupindua. Inatakiwa ndani ya sekunde moja mbili za kwanza, baadaye kasi imekushinda. Fanya mara nyingi, pande zote, ukianguka kichwa chini, mgongo chini, na kila mara kwa mteremko ambao chini yake ni tambarare bila mawe, helmeti kichwani. Miondoko unaweza kuizoea kwa nyasi ya kwa jirani na kijiti, shoka la kweli lisitumike kwa nyasi bila mwalimu.

Ukienda nchi za theluji nyingi kuna maporomoko ya theluji, na mengi hutoka kwa miteremko ya kati ya digrii 30 na 45, ile ile inayopendeza kupanda. Hiyo ni kozi yake peke yake, usiende kwa hisia.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Baridi ikiingia mwilini mtu anaanza kuangusha vitu, kujikwaa, kunung'unika, ulimi mzito. Anatetemeka sana. Hapo bado ni mapema na mnaweza. Ondoa kwa upepo, vua nguo zote zilizoloa, vaa kavu, weka godoro chini yake, ingiza kwa slipingi bagi, funika kichwa, na kama yuko macho kabisa na anaweza kumeza mpe chai tamu. Usimsugue mikono na miguu, usimpe pombe hata tone, inafungua mishipa na joto lililobaki linatoka. Mtetemo ukikoma na hajapata joto, ama anaanza kuvua nguo akisema anasikia moto, hiyo ni hatari kubwa, mlaze, msimtembeze, msimtingishe ovyo, na muite msaada.

Vidole vikiwa vyeupe na havisikii vitie kwapani ama tumboni mwa mwenzako. Visipashwe kwa moto, havisikii na vitaungua. Vikiwa vimeganda kabisa kama mti usivipashe kama kuna uwezekano vitaganda tena njiani, kuganda mara mbili ndiko kunapoteza kidole.

Mkipotea kwa ukungu simameni. Vaeni kila kitu. Filimbi mipulizo 6 ndani ya dakika, nyamaza dakika moja, rudia, na jibu la anayekuja ni mipulizo 3. KWS wana kikosi cha uokoaji Mlima Kenya, chukua namba yao getini uiweke kwa simu mbili tofauti na kwa karatasi, na 999 ama 112 za dharura zikae kichwani. Mtandao unashika kwa vilima na unapotea kwa mabonde.

Kabla ya kutoka nyumbani mwachie mtu mmoja, mama, bro, mke, yeyote anayeamka na simu, karatasi yenye njia, kambi, jina la mwongozaji, namba ya geti na saa ambayo asiposikia kitu apige. Mkitoka futeni majina kwa kitabu cha getini, juu mkisahau watu watapanda usiku kuwatafuta. Usiendeshe gari jioni hiyohiyo kurudi Nakuru ama Kisumu baada ya kuamka saa nane usiku, lala Nanyuki, na umpigie yule mwenye karatasi umwambie mmeshuka wote.